Kufanya Biashara na China Bila Kufyata Ulimi

Serikali nyingi zinaamini kwamba ukitaja haki za binadamu mbele ya Beijing, biashara yote inakufa. Yaliyotokea hayasemi hivyo. China huadhibu, tena kwa uchungu, lakini huchagua pa kupiga: bidhaa inayoweza kuinunua kwingine.

Norway iliyaona hayo baada ya Liu Xiaobo, mpinzani wa serikali ya China aliyekuwa gerezani, kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2010. Kamati ya tuzo haipokei amri ya serikali, ila utetezi huo haukufua dafu. Salmoni wa Norway wakaanza kukwama bandarini kwa ukaguzi wa afya, na samaki mbichi hangoji karatasi. Uhusiano ulirudi Desemba 2016. Australia ilipodai uchunguzi huru wa chanzo cha Korona mwaka 2020 (hoja nyingine, adhabu ileile), shayiri yake ilitozwa ushuru wa asilimia 80.5. Madini ya chuma hayakuguswa, maana viwanda vya China visingepata kiasi kile kwingine. Ushuru wa shayiri uliondolewa Agosti 2023.

Basi kabla waziri hajafungua kinywa, orodha ya mauzo ya nje ipitiwe: nini kinaoza haraka, nini kina wauzaji wengine. Wanaouza bidhaa hizo ndio watakaoumia, na soko la pili watafutiwe mapema.

Kwenye mkataba, tazama kitenzi. Makubaliano ya uwekezaji kati ya Umoja wa Ulaya na China ya Desemba 2020 yaliitaka China "ifanye juhudi" za kuridhia mikataba ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu kazi ya kulazimishwa, bila kutaja tarehe. Bunge la Ulaya liliyagandisha Mei 2021, baada ya China kuwawekea vikwazo baadhi ya wabunge wake. Ajabu ni kwamba China iliridhia mikataba hiyo, namba 29 na 105, mwaka 2022. Kuridhia ni hatua. Kukagua kiwandani ni jambo jingine.

Penye meno hasa ni forodhani. Tangu 21 Juni 2022, sheria ya Marekani inachukulia kwamba chochote chenye malighafi ya Xinjiang, jimbo la China ambako Wauighur wanadaiwa kufanyishwa kazi kwa nguvu, kimetokana na kazi ya kulazimishwa, mpaka mwagizaji athibitishe vinginevyo. Kwa nguo, ushahidi huanzia shambani, upite kwenye kuchambua pamba, kusokota uzi, kufuma, hadi kushona. Mnyororo hukatikia kwa msokotaji, kwa sababu hapo marobota ya pamba ya asili mbalimbali huchanganywa. Ukaguzi wa kijamii, yaani wa kuwahoji wafanyakazi kuhusu hali zao kazini, nao hauzibi pengo hilo: mfanyakazi wa Xinjiang hawezi kuhojiwa kwa uhuru.

Kosa la kawaida ni kumtaka muuzaji asaini tamko kwamba hatumii chochote cha Xinjiang. Sheria ya China ya 2021 dhidi ya vikwazo vya kigeni inaweza kumtia matatani, hivyo atakataa, au atasaini asichokitekeleza. Omba ankara za ununuzi wa marobota, namba za mafungu na rekodi za uzalishaji za siku husika. Hizo ni karatasi za biashara tu, na atazitoa kwa urahisi zaidi.

Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya kupiga marufuku bidhaa za kazi ya kulazimishwa itaanza kutumika 14 Desemba 2027. Haitaji nchi yoyote, na mzigo wa kuthibitisha uko kwa mamlaka, si kwa mwagizaji. Oda za miaka mingi zinazosainiwa sasa ziwe na kifungu cha rekodi hizo tangu mwanzo. Kukidai katikati ya mkataba kutakugharimu punguzo la bei.