Nilivyochagua sehemu za kutafuta kwenye PubMed na wenzake

Swali letu la utafiti lilikuwa rahisi kulitamka: kwa nini wazee wengi wakishapewa vifaa vya kusaidia kusikia huishia kuviweka kabatini? Mimi ndiye niliyekabidhiwa kazi ya kutafuta makala kwa ajili ya mapitio ya kimfumo, yaani kukusanya na kupima tafiti zote za mada moja. Maneno ya kutafutia hayakunisumbua sana. Kilichonila muda ni sehemu: neno hili litafutwe kwenye kichwa cha makala, kwenye ikisiri, kwenye istilahi za MeSH (orodha ya istilahi sanifu ambazo makala za tiba hupewa kama chapa za mada), au popote pale?

PubMed, hifadhidata ya makala za tiba, ina rekodi zaidi ya milioni 35. Ukiandika tu "hearing aids elderly" bila kutaja sehemu, unaletewa lundo la makala, na zile za juu kabisa zinaonekana nzuri tu. Wengi huridhika hapo. Mimi niliingia kwenye ukurasa wa utafutaji wa kina, nikabofya palipo na maelezo ya jinsi mashine ilivyoyaelewa maneno yangu. Kwa maoni yangu kila mtu aanzie hapo. Kumbe "hearing aids" ilishageuzwa: imetafutwa kama istilahi ya MeSH, imetafutwa kama fungu la maneno, na tena "hearing" na "aids" zimetafutwa kila moja kivyake, popote kwenye rekodi. Na popote ni popote kweli, hadi jina la jarida na anwani ya mwandishi. Kuna jarida linaloitwa AIDS. Kuna watafiti chungu nzima ambao neno hilo limo kwenye jina la idara yao. Basi makala kuhusu watu wenye virusi vya UKIMWI waliopungukiwa usikivu ikapita bila kuulizwa chochote.

"Elderly" ndiyo ilikuwa na vituko zaidi. Mashine ilijiongezea neno "aged", mara moja kama MeSH na mara nyingine kama neno la kawaida. Ndani ya MeSH, "Aged" ni mtu wa miaka 65 na kuendelea, halina utata. Ndani ya ikisiri, neno hilohilo hutokea kwenye "children aged 6 to 12 years". Natafuta wazee, naletewa watoto wa shule.

Tangu hapo kila neno nililipitisha kwenye swali moja: hapa lilipo, limeandikwa na nani? Kichwa, ikisiri na maneno muhimu yameandikwa na mwandishi mwenyewe, kwa lugha anayoipenda yeye. MeSH imewekwa na mwainishaji, ambaye hana habari na mapenzi ya mwandishi. Mmoja aandike "presbycusis", mwingine "age-related hearing loss", wote watawekwa chapa moja. Jina la jarida na anwani hazina uhusiano wowote na mada. Ukishajua nani kaliandika, unajua pia atakuwa ameacha nini.

Mwandishi huacha mengi. Makala nyingi hutaja umri wa washiriki ndani kabisa, kwenye jedwali, huku ikisiri ikisema "adults" basi. Mwainishaji aliyeisoma makala yote aliweza kuipa chapa ya "Aged" hata hivyo. Ila tangu 2022 kazi hiyo kwa sehemu kubwa inafanywa na algorithimu, inayotegemea kichwa na ikisiri, kwa hiyo kwa makala mpya sikuiamini chapa hiyo kama nilivyoiamini kwa zile za zamani. Isitoshe, kuna rekodi ndani ya PubMed ambazo hazimo MEDLINE, ile sehemu yake kuu ambayo makala zake huainishwa, na hizo hazipewi MeSH kabisa. Anayetafuta kwa MeSH peke yake hatazipata, na wala hatajua kwamba hakuzipata.

Upande wa pili nao una mashimo. Ikisiri zilianza kuwekwa MEDLINE mwaka 1975. Kwa makala za kabla ya hapo, kutafuta kwenye kichwa na ikisiri ni sawa na kutafuta kwenye kichwa peke yake. Kwa hiyo kila dhana niliipa sehemu zote mbili, nikaziunganisha kwa OR ("au"): "Hearing Aids" kwenye mh (sehemu ya MeSH), kisha "hearing aid", "hearing aids" na "hearing device" kwenye tiab (kichwa na ikisiri). "Aged" ikabaki kwenye MeSH tu. Kwenye tiab niliweka "older adults", "elderly" na wenzao. Maneno yanayopenda kutenganishwa niliyaachia utafutaji wa ukaribu, ambao PubMed imekuwa nao tangu 2022: unasema maneno mawili yasipishane zaidi ya maneno matatu, kwa mpangilio wowote.

Kuhamia Ovid, mfumo mwingine wa kutafutia MEDLINE, kulinifunza kutonakili tu. Tiab ya PubMed inabeba na maneno muhimu ya mwandishi. Ti (kichwa) na ab (ikisiri) za Ovid haziyabebi, lazima uongeze kf, sehemu ya maneno hayo, mwenyewe. Na uwe mwangalifu usiweke kw ukidhani ni kilekile, kwa sababu kw inataka fungu zima lilingane. Embase, hifadhidata nyingine ya tiba, ina istilahi zake, Emtree, kwa hiyo MeSH yangu yote niliitafuta upya kule, moja baada ya nyingine. Kazi ya kuchosha, haina njia ya mkato.

Kabla ya kufunga mkakati niliujaribu. Tulikuwa na makala ambazo timu ilishakubaliana kwamba ni lazima ziwemo. Nilichukua namba zao za PMID (namba ya utambulisho ya kila rekodi ya PubMed), nikaziunganisha kwa OR, halafu nikaweka NOT ("isipokuwa") na mkakati wangu mzima. Kinachobaki ni zile ulizozikosa, na ukifungua rekodi ya kila moja unaona wazi ilikosa neno gani, kwenye sehemu gani.

Ubishi wa mwisho ulikuwa juu ya neno "amplification". Kwa wataalamu wa usikivu ni kukuza sauti, na msimamizi wangu alitaka liingie kwenye ikisiri. Tatizo ni kwamba watu wa jenetiki nao wanalo, kwenye PCR (njia ya kunakili DNA mara nyingi), na kuliunganisha na "hearing" hakusaidii, kwa sababu makala za uziwi wa kurithi, zile za jeni ya GJB2 kwa mfano, zina maneno yote mawili. Tulilijaribu kwenye ikisiri, tukapitia sampuli ya nyongeza zilizokuja: jeni tupu. Likabaki kwenye kichwa cha makala, na sababu tukaiandika kwenye kiambatisho pamoja na mkakati wote, mstari kwa mstari, kama PRISMA-S, mwongozo wa kuripoti utafutaji, inavyotaka.