Saa mbili usiku ya mama na saa mbili ya seva

Juzi Jumanne nipo Nkuhungu nasubiri chipsi mayai, simu ikaita, ni mama mmoja mteja wangu, ana maduka ya pembejeo, moja hapa Dodoma mjini na lingine Kibaigwa. Shikamoo mama. "Marahaba mwanangu, wakulima wananisumbua, jana kuanzia saa mbili usiku wamelipia oda kwa simu, hela imeingia, meseji ya risiti hawajapata mpaka leo."

Nikamwambia nipe nusu saa. Nilikuwa na amani kabisa maana wiki mbili kabla nilishamtengenezea ajenti wa AI, programu ya akili mnemba anayechungulia mfumo wake, na nikampa zana ya kuvuta logi, yaani kumbukumbu za kila kinachotokea kwenye mfumo, kutoka kwenye seva, ile kompyuta inayouendesha. Nikamuuliza ajenti, jana saa mbili usiku kulitokea nini kwenye risiti? Akajibu vizuri tu kwamba ameangalia logi za muda huo na hakuna kosa lolote. Nikampigia mama nikamwambia kwetu kuko sawa, labda ni mtandao wa simu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwa sababu halikuwa kweli, na yeye akaenda kuwaambia watu wake hivyohivyo.

Usiku nikaingia kwenye seva mwenyewe. Makosa yamejaa! Mfumo ulikuwa unajaribu kutuma meseji, unasubiri sekunde 30, unakata, mstari baada ya mstari.

Sasa ajenti hakuyaonaje? Nikafungua zana yangu, nikakuta sehemu ya maelezo nimeandika maneno mawili, "Huleta logi." Basi. Na jamani, modeli, yaani ile AI yenyewe iliyo ndani ya ajenti, haisomi msimbo wako, zile amri ulizoandika za kuendesha zana. Kwenye MCP, ule utaratibu wa kuunganisha modeli na zana ambao Anthropic waliutoa Novemba 2024, modeli inaletewa jina la zana, maelezo yake, na orodha ya parameta (nafasi za kujaza, kama muda) na aina zake, na kwa hayo tu inaamua iite zana ipi na iijaze nini. Kinachofanyika ndani haikioni, kwa hiyo kile ambacho hukukiandika inakikisia.

Ajenti alikisia hivi. Saa mbili usiku alijua ni 20:00, hapo Kiswahili chetu alikielewa, ila logi za seva zinaandikwa kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia, na sisi tuko mbele kwa masaa matatu, kwa hiyo saa mbili usiku ya mama ni 17:00 kwenye logi. Yeye akaomba 20:00, ambayo kwetu ni saa tano usiku, wakulima wa Kibaigwa wameshalala na hakuna anayelipa. Na hata angepatia saa bado angekosa, nilijaribu kwa mkono nikaona, maana zana inaleta mistari 100 tu ikianzia ya zamani kabisa ya kipindi ulichoomba, na karibu yote ni ile ya seva kujipima kama iko hai. Makosa yapo chini huko, yamekatwa, na hakuna sehemu inayosema yamekatwa.

Nikakaa mpaka saa saba usiku naandika upya, safari hii kwa Kiswahili na kwa kirefu:

"Inasoma logi za mfumo wa malipo na risiti, haibadilishi kitu. Itumie ukiulizwa kwa nini muamala au risiti imekwama, usiitumie kujua salio. Muda uandikwe kwa UTC, mtumiaji akitaja saa ya Tanzania toa masaa matatu kwanza. Inaleta mistari isiyozidi 100, ya karibuni ikitangulia. Kama 'imekatwa' ni kweli, ita tena kwa kutumia alama ya ukurasa. Logi zinatunzwa siku 14, za nyuma ya hapo hazipo."

Kugeuza mpangilio, alama ya ukurasa (inayoonyesha pa kuendelea kusoma) na hiyo 'imekatwa' ilibidi niviongeze kwenye msimbo pia, maana ukiahidi kitu kwenye maelezo lazima kiwepo. Halafu jibu tupu, hili kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Zamani zana isipopata kitu ilirudisha orodha tupu, na modeli ikisoma tupu inaelewa "hakuna tatizo". Sasa inarudisha sentensi, hakuna mstari kati ya muda huu na huu, logi zilizopo zinaanzia tarehe fulani mpaka tarehe fulani. Kati ya "sijaona" na "hakuna" kuna mtu anayesubiri risiti yake ya mbolea.

Kuna watu watasema maelezo marefu yanakula tokeni, vile vipande vya maneno modeli inavyosoma, ni kweli, yanaenda na kila ombi, ndiyo maana nimeacha sifa na historia ya zana nikabakiza mipaka yake.

Asubuhi nikauliza swali lilelile kwa maneno yaleyale, ila "jana" sasa ikawa "juzi". Ajenti akaomba kuanzia 17:00 UTC, akaona imekatwa, akaita tena mara mbili, akarudi na ile ya sekunde 30. Nikampigia mama kabla hajafungua duka, nikamuomba radhi kwanza, kisha nikamwambia risiti zinatumwa upya sasa hivi.