Melk hadi Krems kwa baiskeli: siku moja kando ya Danube

Tuliondoka Melk saa moja na nusu asubuhi, mimi na kaka yangu, jua likianza kugusa kuta za manjano za monasteri iliyo juu ya mwamba. Watawa wa Kibenedikto wameishi hapo tangu mwaka 1089, ingawa jengo la sasa, la mtindo wa baroko, lilijengwa kati ya mwaka 1702 na 1736. Nilikuwa nageuka nyuma kulitazama kila mara, hadi kona ya mto ilipolificha.

Hadi Krems ni kilomita zisizofika 40, na njia ya ukingo wa kulia ni tambarare. Hili ndilo bonde la Wachau, nchini Austria, lililoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Katika sehemu hii mto haujazibwa na bwawa, na ukisimamisha baiskeli utausikia ukikwaruza changarawe. Vibao vya ukingoni huhesabu kilomita kuanzia mdomo wa mto, kwenye Bahari Nyeusi, kwa hiyo namba zilipungua kadiri tulivyosonga. Chini ya magofu ya ngome ya Aggstein tulitazama ng'ambo, upande wa Willendorf, ambako mwaka 1908 ilifukuliwa sanamu ya mwanamke ya jiwe la chokaa, yenye kimo cha sentimita 11 hivi.

Arnsdorf tulipanda kivuko cha kwenda Spitz, na hapo ndipo siku yangu ilipotimia. Kivuko hicho hakisukumwi na injini: kimening'inizwa kwenye kebo ya chuma iliyovutwa juu ya mto kutoka ukingo hadi ukingo, na nahodha anapogeuza usukani, chombo hukaa mshazari na mkondo, maji yakakisukuma ubavuni hadi ng'ambo. Nilishika baiskeli yangu, nikasikia gurudumu la kebo likilia juu ya vichwa vyetu na maji yakipasuka kwenye mbao, basi. Magari mawili, abiria sita, baiskeli zetu, vyote vikibebwa na nguvu ileile iliyochonga bonde hili. Ningeshauri kila msafiri avuke hapa, hata kama hana haja ya kwenda upande wa pili.

Baada ya Spitz ni mizabibu iliyopandwa kwenye matuta, yakishikiliwa na kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji. Weissenkirchen tulipita tu. Dürnstein tulifunga baiskeli na kupanda kwa miguu hadi kwenye magofu ya ngome ambamo mfalme Richard wa Uingereza, akirudi kutoka vita vya msalaba, alifungwa na Leopold wa Austria katika majira ya baridi ya mwaka 1192. Kutoka juu, mnara wa kanisa wa rangi ya buluu ulionekana mdogo kama kidole, na mto ukijipinda nyuma yake.

Tulifika Krems alasiri, tukapita chini ya Steiner Tor, lango pekee lililosalia kati ya malango manne ya mji wa kale, huku matairi yakitetemeka juu ya mawe ya barabara.