Nilitaka akamatwe, halafu nikampigia simu

Wiki ya tatu baada ya kumzika mama kuna jamaa alitupia kwenye grupu letu klipu fupi ya mtu anaigiza sala, na sio sala yoyote tu, ni ile ile aliyokuwa anaisema mama siku zake za mwisho kwa sauti inayokatika huku mi nimemshika mkono, sasa huyu wa kwenye klipu anaivuta puani, anapindua macho, na chini watu wanamimina vicheko. Dini yangu sitaitaja, ningekuwa wa nyingine ningeumia vile vile. Nilitetemeka jamani. Nikafungua pale pa kuripoti nikaandika maelezo marefu, na moyoni nilitaka zaidi ya hapo, nilitaka huyo jamaa aliyeitupia akamatwe, alale ndani.

Kilichonizuia ni kisa cha Asia Bibi. Huyu ni mama wa Pakistan, kibarua wa shambani, mwaka 2009 alichota maji wakiwa kazini na wenzake wakakataa kuyanywa kwa sababu yeye ni Mkristo, maneno yakazuka, siku chache baadaye wakasema amemtukana Mtume. Yaani ugomvi wa maji! 2010 akahukumiwa kunyongwa, na gavana wa Punjab, Salman Taseer, aliyejitokeza kumtetea, akapigwa risasi Januari 2011 na mlinzi wake mwenyewe. Mahakama ya juu ilikuja kumwachia Oktoba 2018, amekaa ndani zaidi ya miaka tisa. Sheria ya kukufuru ikishakuwepo haimngoji mtu mwenye nia mbaya, inamkamata asiye na wa kumsemea, na anayeishika mara nyingi ni jirani mwenye kisasi chake. Siku ile na mimi nilikuwa na kisasi changu.

Kwenye Tamko la Haki za Binadamu la 1948 uhuru wa dini ni ibara ya 18 na uhuru wa kujieleza ni ya 19, zimekaa ubavu kwa ubavu, na mi naamini hazigombani hata kidogo, kwa sababu kila anayehubiri dini yake anasema kitu ambacho mwenye dini nyingine anaweza kukiona ni kufuru. Ukiziba mdomo wa anayekejeli, kesho utazibwa wewe unayehubiri.

Ila kuna mpaka. 2012 wataalamu chini ya Umoja wa Mataifa walikubaliana mambo sita ya kuangalia kabla maneno hayajaitwa uchochezi wa jinai, waliuita Mpango wa Rabat: hali ilivyo pale, nani anasema, ana nia gani, kasema nini na kwa namna gani, yamefika kwa wangapi, na uwezekano wa watu kudhurika. Nilikaa nayo usiku ule nikiipima ile klipu. Jamaa hana cheo, hajamwambia mtu ampige mtu, grupu zima hatufiki arobaini. Ilikuwa kejeli, imeniumiza, basi. Angekuwa mwanasiasa jukwaani anasema watu wa dini fulani ni wadudu, wakati mtaani tayari kuna moto, hapo ningeripoti bila kupepesa macho.

Lakini pia wale wanaosema "ukiumia ni shida yako" siwaelewi kabisa. Kwamba sheria isimguse haina maana mi ninyamaze! Mtu anayeweka imani ya mwenzie hadharani kuichezea, ajue kuna mtu hiyo imani ndiyo ilimshika siku mbaya kuliko zote.

Nikafuta ile ripoti, nikampigia. Nilimwambia habari ya mama na ile sala, akakaa kimya muda hadi nikadhani simu imekatika. Akasema hakujua, pole sana, ila klipu haifuti maana yeye aliielewa kuwa inawasema viongozi wa dini wanaowachuna watu maskini, na hao hata mimi nawajua. Tukabishana karibu saa nzima, nikamwambia basi waseme hao kwa majina ya vyeo vyao, sala muiache, naye akasema wanaitumia sala hiyo hiyo kuchuna watu. Sikuwa na jibu la haraka.

Klipu bado ipo kwenye grupu. Sijaifungua tena, na yeye siku ya arobaini ya mama alikuja, akakaa nyuma mpaka sala ikaisha.