Siku moja Pompeii, nyuma ya Lakshmi asiye Lakshmi

Safari ilianzia Napoli, kwenye Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia, kituo cha metro Museo. Jumanne pamefungwa, usipange siku hiyo. Sanamu niliyoifuata, ya Kihindi lakini iliyopatikana Pompeii, mji wa Warumi uliofukiwa na volkeno Vesuvius, hutaikuta kwa miungu wakubwa. Imo katika Chumba cha Siri, pamoja na vitu vya Pompeii vinavyoonyesha uchi. Ni mwanamke wa pembe ya ndovu, kimo sentimita 24 hivi, hana nguo ila mikufu, bangili tele na mapambo ya miguuni, na kila ubavu ana kijakazi mdogo. Mchimbaji Amedeo Maiuri aliipata mwaka 1938, akaiita Lakshmi, mungu wa kike wa Wahindu wa mali na neema, na jina likaganda.

Itazame vizuri. Lakshmi hutambulika kwa ua la yungiyungi, mara nyingi na tembo wawili wanaommwagia maji. Hapa hakuna ua wala tembo. Wataalamu wengi siku hizi humwona kuwa ni yakshi, roho wa kike wa miti na rutuba. Tundu lililoko utosini linaonyesha kuwa alishikilia kitu, pengine meza ndogo au kioo.

Kumpa mungu wa wenzako jina la wako ni tabia ya Warumi wenyewe. Julius Caesar aliandika kwamba Wagauli, watu wa Ufaransa ya kale, humwabudu Mercury, mungu wa Kirumi wa biashara, kuliko wote, bila kutaja jina la Kigauli hata moja. Ndiyo maana orodha zinazolinganisha miungu ya Wahindu na ya Warumi, mfano "Indra ni Jupiter, Lakshmi ni Venus", hunitia shaka. Chukua Ijumaa: kwa Kilatini ni siku ya Venus, mungu wa kike wa mapenzi, kwa Kihindi ni Shukravar, na sayari ni ileile, Zuhura. Lakini Shukra, mwenye siku hiyo kwa Wahindu, ni mwanamume, mwalimu wa maasura, maadui wa miungu.

Kwa Pompeii, panda reli ya Circumvesuviana kwenye stesheni ya Piazza Garibaldi, treni ya Sorrento, ushuke Pompei Scavi - Villa dei Misteri. Ni kama dakika 40. Ukipanda ya Poggiomarino utashuka Pompei Santuario, upande wa pili wa mji, na ziara yako itaanzia mwisho. Lango la Porta Marina liko karibu sana na stesheni. Vaa viatu vya soli nene. Mawe ya barabara yamelika na yanateleza.

Hekalu la Jupiter, mkuu wa miungu ya Warumi, liko kichwani mwa uwanja mkuu, Vesuvius nyuma yake. Hapa ulinganisho una mizizi, maana jina lenyewe ni ndugu wa Dyaus Pitar wa Rig Veda, mkusanyo wa kale wa tenzi za Wahindu, "Baba Mbingu". Ila ndugu hao walirithi tofauti. Jupiter alibaki na mbingu, radi na dola ya Roma. Kwa Wahindu radi ilikwenda kwa Indra, na katika tenzi 1,028 za Rig Veda hakuna hata mmoja ulio wa Dyaus peke yake.

Hatua chache kutoka hapo, hekalu la Genius, yaani roho mlinzi, wa Kaisari mtawala wa Roma lina madhabahu ya marumaru yenye mchoro wa fahali anayeletwa kuchinjwa, na kuhani aliyejifunika kichwa. Angalia ilipo: uani. Warumi waliabudu nje, mungu akiwa ndani. Mhindu huvua viatu akaingia amwone mungu na aonwe naye, yaani darshana, kisha hurudishiwa chakula alichotoa, ambacho sasa ni prasada, chakula chenye baraka. Tofauti hii ina uzito kuliko majina yote.

Kufanana kwa kweli nilikuona nyumba ya Vettii. Watu hujazana mlangoni kwa Priapus, mungu wa rutuba, na kuipita lararium, madhabahu ya miungu ya nyumbani, iliyo kwenye ukumbi mdogo kulia mwa ule mkuu. Miungu ya nyumba inacheza dansi, na chini yake nyoka anaelekea kwenye sadaka. Kwa Warumi nyoka huyo alilinda mahali na kuleta neema. Siku ya Nag Panchami Wahindu huwapa nyoka maziwa, nao hawahitaji Mrumi kuwaeleza sababu.

Shuka barabara ya Via dell'Abbondanza hadi Regio I (mtaa), insula 8 (kitalu cha nyumba), mlango wa 5: nyumba ya sanamu yetu. Nyumba hufunguliwa kwa zamu, basi uliza langoni kabla hujatembea. Huenda ilifika kwa biashara ya baharini. Meli za kwenda India ziliondoka Misri mwezi Julai, kufuata upepo ambao pwani yetu tunauita kusi. Periplus, mwongozo wa mabaharia wa karne ya 1, unataja pembe za ndovu katika bandari za India, na pia Rhapta, kusini kabisa mwa Azania, yaani pwani ya Afrika Mashariki, ambako zilikuwa nyingi lakini hafifu kuliko za Adulis, bandari ya Bahari ya Shamu.