Nani Amekufa?

Nilituma ujumbe kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo mkesha wa tarehe mosi Juni, saa mbili usiku. Niliandika kwamba nyumba yetu nzima itafanya mazoezi mwezi mzima, kila mtu na zoezi lake, na kwamba tunaomba mchango. Jibu la kwanza lilitoka kwa baba mdogo wa mume wangu, anayeishi Nairobi: "Poleni sana. Nani amekufa?"

Hakuwa anatania. Kwetu huku Kisumu, neno mchango likiingia kwenye simu usiku, mtu hutafuta kwanza jina la marehemu. Tumechangia majeneza, mahema, viti, ng'ombe wa kuchinjwa, basi la kusindikiza mwili hadi nyumbani. Mimi ni fundi wa nguo katika soko la Kibuye, na nimekesha mara nyingi nikishona sare za kamati za mazishi, zikiwa na picha ya mtu ambaye miezi mitatu kabla alikosa nauli ya kwenda kliniki. Jambo hilo limenikaa kooni miaka mingi.

Nikamjibu: "Hajafa mtu, Baba. Ndiyo maana tunaomba sasa."

Kitinda mimba wetu, msichana, ana miaka 11 na ana selimundu, ugonjwa ambao hapa mtaani na hospitalini tunauita sickle cell. Alipokuwa na miezi tisa, vidole vya mikono na nyayo zake vilivimba akawa analia akiguswa tu. Tukapewa dawa ya malaria. Tukarudi nyumbani, tukarudi hospitalini, tukapewa dawa ya malaria tena. Mama mkwe wangu, ambaye watoto wanamwita Dani, alisema ni chira, kwamba kuna mwiko uliovunjwa katika boma na lazima aliyeuvunja aseme. Macho ya watu yakanigeukia mimi, mke niliyetoka kwingine. Mtoto alikuwa anakaribia miaka miwili ndipo muuguzi mmoja aliagiza damu ipimwe ipasavyo. Ikatoka SS, yaani amerithi selimundu kwa baba na kwa mama.

Sisi wazazi tukapimwa. Mimi AS, mume wangu AS, yaani tunaibeba bila kuugua. Muuguzi alichora visanduku vinne kwenye karatasi akatuonyesha: kila mimba, kisanduku kimoja kati ya vinne ni mtoto mwenye ugonjwa, na hesabu huanza upya kila mara. Kifungua mimba wetu na dada yake anayemfuata waliponea. Kitinda mimba hakuponea. Karatasi ile ninayo mpaka leo ndani ya Biblia, kwa sababu ndiyo iliyomaliza ule mjadala wa nani alileta nini nyumbani. Tulileta sote wawili.

Na kuna sababu ya jambo hili kuwa letu zaidi kuliko la watu wa milimani. Mwaka 1954 mtafiti Anthony Allison, aliyekulia hapa Kenya, alionyesha kwamba mtu mwenye AS hulindwa dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana kandokando ya ziwa na kule Pwani, ambako mbu hawajawahi kutuacha, damu hii imeenea kuliko nyanda za juu. Mume wangu alipoelezwa hayo alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Kwa hiyo kilichowaokoa babu zangu ndicho kinachomuuma mtoto wangu." Sijasikia mtu akilieleza vizuri zaidi.

Wazo la mazoezi lilitoka kwa mtoto mwenyewe. Siku ya michezo shuleni aliketi chini ya mwembe akilinda sweta za wenzake, kwa sababu akikimbia kwa nguvu, akipungukiwa na maji, au akipigwa na baridi, zile chembe za damu zilizopinda kama mundu huziba njia, na maumivu yake yanaweza kumlaza wiki nzima. Alirudi nyumbani akaweka mkoba, akatuangalia tukiwa tumeketi mbele ya televisheni, baba, kaka, dada na mimi. Akauliza: "Nyinyi mnaoweza kukimbia, mbona hamkimbii?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Wiki iliyofuata tulikuwa na daftari.

Mpango ulikuwa hivi. Kila mtu achague zoezi, alifanye siku zote 30 za Juni, na watu watoe ahadi kwa hesabu: shilingi 2 kwa kilomita, shilingi 5, chochote. Fedha ziende kwa kikundi cha wazazi tunaokutana kliniki, familia 23, na mweka hazina awe mzazi mwingine, si mimi wala mume wangu. Hili la mwisho nililisisitiza. Mchango hufa pale watu wanapoanza kunong'ona kuhusu simu inayopokea pesa.

Mume wangu ni dereva wa tuktuk, anakaa kutwa nzima na mgongo wake umeanza kumsema. Akaahidi kwamba kila jioni akishaiacha kwa mwenyewe Mamboleo atarudi Manyatta kwa miguu. Kifungua mimba, miaka 20, anaosha magari kando ya ziwa. Yeye akachukua mbio za alfajiri hadi Dunga na kurudi. Binti wa sekondari alichagua pushapu, akaanza na nne, akamaliza mwezi na 35. Mimi nikachukua kamba. Niliisokota mwenyewe kwa mabaki ya vitambaa vya dukani, nikawa naruka nyuma ya nyumba kabla ya kuwasha jiko. Siku ya kwanza niliruka 60 nikashika ukuta. Kufikia katikati ya mwezi nilikuwa na 400 kwa vipande vinne, na magoti yaliyokuwa yakilia nikisimama kutoka kwenye cherehani yakawa yamenyamaza.

Kitinda mimba wetu akawa katibu. Yeye ndiye aliyepiga mistari kwenye daftari, akaandika majina juu na tarehe pembeni, na hakuna aliyeandikiwa kitu ambacho hakukiona au hakuthibitishiwa na mtu wa pili. Vilevile alijipa kazi ya maji. Tangu akiwa mdogo tumemwambia anywe maji, anywe maji, hata darasani hutembea na chupa. Sasa ikawa zamu yake. Kaka yake akitoka Dunga akihema, kabla ya kuandikiwa lazima amalize kikombe kikubwa mbele yake. "Mimi ndiye ninajua maji katika nyumba hii," alimwambia, na ni kweli.

Dani alitushangaza. Anaishi Seme, ana miaka 70 na kitu, na hatukuwa tumemwomba chochote. Alisikia habari akapiga simu, akasema yeye ataizunguka boma yake kando ya ua mara 40 kila siku. Kwa kuwa huchanganya hesabu, alichukua punje 40 za mahindi akaziweka kwenye sahani mlangoni. Kila mzunguko anahamisha punje moja hadi kwenye kibuyu. Jioni humpigia mjukuu wake kumwambia zimeisha. Siku moja alipiga akiwa amechelewa, giza limeshaingia. Kuku walikuwa wamezifikia zile punje wakadonoa, na hakujua tena alikuwa amefika wapi. Katibu wetu akamwambia, "Dani, nitaandika 30, hakuna shida." Akakataa. Alianza upya kutoka moja, akizunguka na tochi. "Watu wanatoa pesa zao kwa hesabu hii," alisema. Lile neno chira hajalirudia tangu mwezi huo. Sijamuuliza, na sitamuuliza.

Kilele tulikiweka Jumamosi inayofuata tarehe 19 Juni, siku ya selimundu duniani: kutembea kutoka Kisumu hadi Maseno, pale kwenye alama ya ikweta. Ni kama kilomita 25. Niliwashonea wote vizibao vya kitambaa cha manjano kinachong'aa, kwa sababu ile ni barabara ya malori yaendayo Busia na dereva akikosa kukuona hakuna wa kulaumiwa atakayekurudisha. Tulikuwa saba: sisi wanne, na wazazi watatu wa kikundi. Rafiki wa mume wangu alikuja nyuma na tuktuk, ndani yake kitinda mimba wetu, daftari, mitungi miwili ya maji, sweta mbili na blanketi.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Hadi Otonglo tulikuwa tunaimba. Kisian tulikunywa chai ya maziwa na mandazi tukiwa tumesimama, maana tuliogopa kwamba tukiketi hatutainuka. Baada ya hapo barabara inaanza kupanda. Kisumu iko mita 1,131 hivi juu ya usawa wa bahari na Maseno iko karibu na mita 1,500, na kila moja ya mita hizo niliihisi kwenye paja. Mume wangu alipofika Lela alivua viatu akaviangalia, akavivaa tena bila kusema. Mzazi mmoja, baba mwenye watoto wawili wenye SS, alitembea njia yote mbele yetu kama anayewahi kitu. Tulipomwomba apunguze mwendo alisema usiku wa kuamkia siku hiyo mkubwa wake alilia kwa maumivu ya mifupa mpaka saa nane, naye hakuweza kumfanyia lolote zaidi ya dawa, maji ya uvuguvugu na kumshika. "Leo angalau miguu yangu inafanya kitu." Hakuna aliyemwomba tena apunguze.

Tulipokaribia Maseno wingu lilikuwa jeusi. Hapo hofu yangu yote iliamka. Mvua ya Maseno ni ya baridi, si kama ya kwetu chini, na mtoto alikuwa amekwisha kuniambia tangu wiki iliyopita kwamba anataka kumalizia kwa miguu. Daktari wake alikuwa amesema kutembea polepole kunamfaa, mradi anywe maji, avae nguo nzito, na apumzike mara tu akichoka, si baada ya kuchoka sana. Nilisimama kando ya tuktuk nikatazama wingu, nikamtazama yeye. Alikuwa ameshavaa sweta zote mbili. Chupa iko mkononi.

Nikasema sawa.

Alihesabu kwa nguzo za umeme. Kwenye kila nguzo alisimama, akanywa, akatuangalia, akaendelea. Sisi tulitembea nyuma yake kwa mwendo wake, watu saba wenye vizibao vya manjano, na boda boda wakawa wanapunguza kasi na kututazama. Nguzo ya nne ndiyo iliyokuwa ya mwisho kabla ya alama ya ikweta. Aliigusa kwa kiganja, akarudi kwenye tuktuk, akachukua daftari. Kulikuwa na safu moja tupu pembeni, aliyokuwa ameipiga mstari tangu siku ya kwanza bila kutuambia ni ya nani. Akaandika jina lake, na chini yake: nguzo 4.

Matone ya kwanza yalianguka tukiwa tumeshamfunika blanketi.

Picha ya ukurasa ule niliituma kwenye kikundi cha ukoo. Baba mdogo wa Nairobi alipiga simu badala ya kuandika. Alitaka kujua nguzo moja ni shilingi ngapi. Nikamwambia hatukuwa tumepanga bei ya nguzo. Akatuma 4,000.

Kufikia mwisho wa mwezi zilikuwa zimeingia shilingi 61,300. Jambo la kwanza tulilonunua ni vipimajoto 23, kimoja kwa kila nyumba, maana mtoto wa SS akipata homa, bandama yake haimlindi kama ya wenzake, na maambukizi humpeleka haraka mno. Sisi tumefundishwa kwamba nyuzi 38.5 haingoji asubuhi. Nyumba nyingi zilikuwa zinapima kwa kiganja. Muuguzi wa kliniki alitumia kikao kizima kuwaonyesha akina mama wapya namna ya kupapasa tumbo upande wa kushoto, chini ya mbavu, ili wajue bandama inapovimba ghafla. Niliona baba wawili wakijifunza pia, na nilifurahi.

Zilizobaki ni za haidroksiyurea, kwa miezi ile ambayo familia haina. Dawa hii humfanya mtoto atengeneze kwa wingi hemoglobini ile ya uchangani, ambayo haipindi. Utafiti wa dawa hii, uitwao REACH, uliofanywa Angola, Kongo, Uganda na hapa kwetu Kilifi, kwa watoto zaidi ya 600, matokeo yake yalitoka 2019: maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, hata malaria na vifo vilipungua. Lakini hunywewa kila siku, kwa kipimo cha uzito wa mtoto, na damu ikaguliwe mara kwa mara. Ukiiacha miezi miwili kwa sababu karo ililipwa kwanza, unaanza upya. Nawajua wazazi walioiacha. Nimewahi kuwa mmoja wao.

Narudi kwenye Jumamosi ile, maana kuna jambo sikuwaambia watu wa ukoo. Tulirudi Manyatta kwa matatu, mtoto akala samaki na ugali, akaoga maji ya moto, akalala saa mbili. Mimi sikulala. Saa nne nilimpima: 36.9. Nikampapasa tumbo, nikamgusa magoti na viwiko, akageuka tu. Mume wangu alikuwa macho gizani, akauliza, "Ngapi?" Nikamwambia.

Saa tisa nikampima tena. 36.7. Nikakiweka kipimajoto juu ya daftari, nikalala.