Kikopo Kilicholala Kwenye Friji

Nilipoanza kazi katika maabara ndogo upande wa Likoni, sampuli za kinyesi zilizofika baada ya adhuhuri tulizilaza kwenye friji hadi asubuhi, kwa kuwa maabara ya kuotesha bakteria ilikuwa ng'ambo, kisiwani, na tarishi wetu alivuka kwa feri mara moja tu kwa siku. Niliamini kwamba baridi huhifadhi bakteria kama inavyohifadhi samaki. Yaliyonitia shaka ni majibu: watoto wenye homa na kuhara damu walirudishiwa karatasi isemayo kwamba hakuna bakteria wa maradhi aliyeota.

Mama mmoja aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, kama hakuna kitu, hii damu yatoka wapi?" Sikuwa na jibu.

Nilirudi kwenye vitabu vya chuo. Shigella, bakteria anayesababisha kuhara damu, ni dhaifu mno akishatoka mwilini. Bakteria wenzake wa utumbo huendelea kutengeneza asidi ndani ya kikopo, na asidi hiyo humuua. Friji hupunguza kasi ya jambo hilo lakini hailizuii, na friji yetu, iliyofunguliwa kila dakika na kukatikiwa stima mara kwa mara, sidhani kama ilipunguza chochote. E. coli, bakteria wa kawaida wa utumbo, huvumilia zaidi, basi haikuwa ajabu kwamba sahani za kuoteshea zilijaa yeye.

Nikamwomba msimamizi atununulie chupa za Cary-Blair, ute mzito wa kusafirishia sampuli, wenye virutubisho vichache na alkali kidogo. Sasa, kabla ya saa mbili kupita, huchovya kijiti cha pamba mahali penye damu au kamasi, nikakitia ndani ya ute huo, na chupa ndiyo ikaingia kwenye friji, ivuke kesho yake. Sampuli inayoshukiwa kipindupindu haiingii kwenye friji kabisa. Hubaki kwenye ute uleule katika joto la kawaida, maana Vibrio, bakteria wa kipindupindu, huchukia baridi. Amiba, kimelea kingine cha kuhara damu, naye hahitaji safari, humtafuta chini ya darubini ndani ya nusu saa, angali akitembea.

Wiki chache baadaye tuliletewa jibu la kwanza la Shigella. Siku hizi fomu yetu ina nafasi ya kuandika saa ambayo choo kilitolewa, na mzazi akileta kikopo kilicholala nyumbani usiku kucha, humwomba radhi na kumpa kingine.